Panya wa Jumamosi

Mtaani walimwita Mama Sabuni, naye hakuwa na ugomvi na jina hilo. Asubuhi alitoka ananukia sabuni ya nyumbani, jioni akarudi ananukia sabuni ya kazini, kali, ya kutoa machozi. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimekunjamana kama za mtu aliyefua siku nzima. Waliohamia mtaani karibuni walidhani ni nesi, na majirani wa siku nyingi hawakukawia kuwasahihisha, maana habari yenyewe ilikuwa tamu mno kuinyima watu: nesi wapi, yule analea panya.

Na kweli alilea panya. Si hawa wa darini wanaoguguna viatu. Wake walikuwa weupe, macho mekundu, wamekaa wawili wawili katika vizimba vya plastiki, juu ya maranda ya mbao yaliyo safi kuliko vitanda vya baadhi ya watu wanaomcheka. Maabara ilikuwa mwisho wa barabara ya viwanda, nyuma ya ukuta mrefu usio na bango. Kiwanda kikitaka kuuza kemikali mpya, iwe ya gundi, ya rangi, ya kuulia wadudu au ya kulainisha plastiki, sharti kwanza ijulikane kama inaleta saratani. Mtu hawezi kulishwa kemikali ili watu wakae wakimtazama. Basi analishwa panya. Anachanganyiwa kwenye chakula, kila siku, tangu ujana mpaka uzee wake, ambao kwa panya ni miaka kama miwili tu. Akifa, daktari anampasua, anamtazama kiungo kwa kiungo, anahesabu uvimbe.

Kila kizimba kilikuwa na kadi yake. Wa kadi nyeupe walikula chakula kitupu, wa kijani kemikali kidogo, wa njano zaidi, na wa nyekundu ndio waliobeba mzigo wenyewe. Hata wa kadi nyeupe huota uvimbe wakizeeka, kwa sababu uzee ni uzee. Ndiyo maana lazima wote wahesabiwe, wa kadi hii na wa kadi ile, ili ijulikane kipi ni cha uzee na kipi ni cha kemikali. Kama huna nia ya kuwahesabu, ni heri usingewalisha.

Mama Sabuni aliosha vizimba, alipima chakula, na kila wiki alimshika panya mmoja mmoja akampapasa shingoni, kwapani, tumboni, kati ya miguu ya nyuma. Vidole vyake vilikuwa vimezoea kushika kitu kigumu chini ya ngozi. Habari hiyo nayo ilifika mtaani, na tangu hapo hakuwa na raha bombani. Jirani mmoja alimvuta mpaka nyuma ya nyumba, akalegeza kitambaa shingoni.

"Dada, hebu nishike hapa. Si ndiyo kazi yako?"

"Wewe una mkia?"

"Mkia wa nini tena?"

"Basi nenda hospitali. Mimi nawajua wenye mikia."

Hakumshika. Lakini kesho yake alimsindikiza hospitali, akakaa naye kwenye foleni mpaka akaitwa, na njiani kurudi akamgombeza kwa kuchelewa. Alikuwa mtu wa namna hiyo, mdomo wake ulichoma na mkono wake ukasaidia.

Kitu kimoja hakukijua, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kumwambia: jina la kemikali yenyewe. Chumba chake, chumba cha tano, kilikuwa na wenyeji waliokuwa wakila "ile ya sasa", na kabla yao walikuwepo wa "ile ya zamani". Mumewe, fundi redio, jambo hili lilimkera kuliko yeye. Redio ndogo iliyoimba siku nzima chumba cha tano, ili panya wazoee kelele wasishtuke, aliitengeneza yeye, kwa hiyo alijiona ana hisa mle ndani.

"Sasa hiyo sumu yenu inatumika wapi?" alimuuliza siku moja akila.

"Sijui."

"Yaani unawalisha kitu usichokijua?"

"Hata wewe hukijui. Huenda umekikalia."

Fundi alicheka, lakini alikitazama kiti chake, akainuka kidogo.

Sheria za kazi zilikuwa nyingi, na iliyomuuma zaidi ilikuwa hii: manukato marufuku. Panya huishi kwa pua. Ukiingia na harufu ngeni wanachachamaa, wanajibana pembeni, hawali, na panya asiyekula sawasawa anavuruga utafiti mzima. Na kwa kuwa hakuna siku panya wasiyokula wala siku wasiyokufa, na kwa kuwa yeye ndiye aliyeishi karibu, zamu ya Jumamosi na Jumapili ilimwangukia yeye mara nyingi kuliko wenzake. Hakuwa amejipaka manukato tangu binti yake wa kwanza alipoanza shule, na binti huyo sasa alikuwa na mtoto mgongoni. Harusi za watu Mama Sabuni alizihudhuria akinukia maji.

Kisha ikaja siku ambayo bosi wa maabara aliwaita wote chumba cha kufulia. Wao walimwita Bwana Suti, kwa sababu aliivaa hata kwenye vyumba vya panya, kola ikichungulia juu ya koti la kazi. Akatangaza kwamba zamu za wikiendi zimekwisha. Chakula kitajazwa Ijumaa, maji yanajileta yenyewe kwa mabomba, milango inafungwa mpaka Jumatatu.

"Mmechoka, naona," alisema. "Kapumzikeni na familia zenu."

Watu walipiga makofi. Mama Sabuni naye alipiga, na alipiga kwa nguvu, maana miguu ilikuwa inamuuma na hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alilala mpaka jua likatoka.

Fundi alirudi jioni ile na kichupa cha manukato amekificha mfukoni, kama kijana anayechumbia. Jumamosi akampulizia yeye mwenyewe, shingoni na kwenye viganja. Wakaenda kwa binti yao kwa miguu, polepole, wakisimama kila duka. Mjukuu alimnusa bibi yake akakataa kushuka mapajani. Mama Sabuni alicheka siku ile mpaka mbavu zikamuuma. Furaha ile ilikuwa ya kweli, na baadaye, mambo yalipoharibika, hakuwahi kujifanya kwamba haikuwa.

Jumatatu alipofungua chumba cha tano, panya walikuwa wamejibana nyuma ya vizimba. Akanyoosha mkono, wakaukimbia. Wengine walikuwa wakizungukazunguka bila kutulia, na chakula kilikuwa hakijaguswa sana. Akajua moja kwa moja kosa ni lake: ni yale manukato. Akafunga mlango, akarudi bafuni, akajisugua kwa sabuni ya kazini mpaka ngozi ikawasha, akabadili koti, akabadili na kitambaa cha kichwa. Aliporudi, walikuwa vilevile. Ndipo pua yake mwenyewe, iliyokwisha kusafishwa kila harufu, ikapata nyingine.

Kilikuwa kizimba cha chini, kadi nyekundu. Panya alikuwa amekufa, pengine tangu Jumamosi asubuhi, wakati yeye anapuliziwa manukato. Chumba kile huwekwa joto ili panya wasipate baridi, na joto lilikuwa limefanya kazi yake. Mwenzake kizimbani naye alikuwa ameanza kumla ubavuni. Mama Sabuni alimtoa taratibu, akampeleka kwa Daktari.

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba, mchache wa maneno, aliyeshinda kati ya meza yake ya chuma na darubini. Alimpasua. Alichokoachokoa kidogo, akaweka kisu chini.

"Ini limekuwa uji. Figo vivyo hivyo. Sioni kitu, dada."

"Ijumaa nilimpapasa. Alikuwa na uvimbe tumboni, mkubwa tu."

"Nakuamini. Lakini mimi siandiki vidole vyako, naandika ninachokiona. Nitaandika ameoza, hasomeki."

"Na kwenye hesabu?"

"Kwenye hesabu hayupo."

Mama Sabuni aliondoka na neno hilo. Hayupo. Alimlisha tangu akiwa mdogo wa kuenea kiganjani, akampimia sumu yake kwa kijiko kila asubuhi, akamsafishia kinyesi, halafu hayupo.

Jumatatu iliyofuata walikuwa wengine, na iliyofuata tena. Panya walikuwa wamezeeka, utafiti ulikuwa unakaribia mwisho, na huo ndio wakati wanapokufa. Wa kadi nyekundu walikufa zaidi, kwa hiyo wa kadi nyekundu ndio waliooza zaidi. Haikuhitaji shule kuona mambo yanakoelekea. Wale waliokuwa na la kusema walikuwa wakinyamazishwa na Jumamosi, na kemikali ingetoka pale imeoga, imevaa nyeupe, ikaenda zake madukani.

Akaenda kwa Bwana Suti, akasimama mbele ya meza.

"Bosi, panya wanakufa wikiendi."

"Panya wanakufa kila siku, mama."

"Wa siku nyingine tunawawahi. Wa Jumamosi wanaoza. Daktari hawezi kuwasoma."

"Tunabana matumizi. Maagizo yametoka juu."

"Basi nitakuja bure."

"Ndiyo mbaya zaidi. Ukianguka humo ndani peke yako, nani atajibu?" Akavua miwani. "Mama, nakuheshimu. Lakini naona unawapenda mno hawa panya."

"Siwapendi hata kidogo. Nimewalisha sumu kwa mkono wangu huu, bosi. Sasa mnataka na kufa wafe bure?"

Alijibiwa kwamba jambo lake litatazamwa. Pengine Bwana Suti alikuwa anabana matumizi kweli. Pengine mwenye kemikali alimnong'oneza jambo wakiwa wawili. Hakuna aliyejua, na Mama Sabuni hakuumiza kichwa kutafuta, maana mezani kwa Daktari matokeo yalikuwa yaleyale.

Jumamosi akajiendea. Mlinzi, ambaye siku zote walitaniana, safari hii alitazama viatu vyake.

"Mama Sabuni, nimeambiwa wewe hasa usiingie. Usinimwagie unga."

Hakutaka kumwaga unga wa mtu. Akarudi nyumbani, na huko akamkuta fundi amekaa na chai ya watu wawili imepoa.

"Umerudishiwa Jumamosi yako," fundi alisema, "wewe unaenda kupiga magoti waichukue tena."

"Sikupiga magoti."

"Wenzako wote wametulia. Ni wewe tu."

"Ndiyo. Ni mimi tu."

"Watakufukuza, ujue."

"Wanifukuze. Lakini wasinifanye mwongo. Kazi yangu ni kulisha ili ijulikane. Kama haijulikani, mimi ni mtu gani? Ni mtu anayewapa panya sumu, basi."

Fundi alichukua bisibisi yake akaenda kuzozana na redio ya mtu.

Wiki ile ikapita habari kwamba wakaguzi wa serikali wanakuja. Bwana Suti alichemka. Kuta zikapakwa rangi, makoti mapya yakagawiwa, hata geti likatiwa mafuta likaacha kulia. Ijumaa akapita chumba kwa chumba.

"Jumatatu fikeni mapema. Mizoga yote itolewe, vizimba vyote vioshwe, maranda mapya kila mahali. Wageni wanaingia saa nne. Mama Sabuni, chumba chako ndicho nitakachoanza nacho, maana usafi wako hauna mpinzani. Sawa?"

"Nimesikia," alisema Mama Sabuni.

Jumatatu alifika kabla ya wote. Akaoga, akavaa koti jipya, akaingia chumba cha tano na kufunga mlango. Vizimba kadhaa vilikuwa na wafu, karibu wote chini ya kadi nyekundu. Wenzao walio hai aliwahamishia kwenye vizimba safi, akawapa maranda mapya na maji. Waliokufa akawaacha palepale walipo. Kinyesi cha siku tatu akakiacha. Kisha akageuza ndoo, akaikalia chini ya redio, akakunja mikono.

Hakuna kazi ngumu aliyowahi kufanya kama ile ya kukaa. Mikono ilimwasha. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuacha hata kizimba kimoja kichafu, na sasa mwanamke anayejulikana mtaa mzima kwa sabuni alikuwa ameketi katikati ya uvundo, akiwangoja wageni wauone. Alisikia aibu mpaka masikio yakawa moto. Mara mbili aliinuka kuchukua brashi, na mara mbili akajirudisha kwenye ndoo. Alijiambia liwalo na liwe.

Bwana Suti aliwatangulia wageni kwa hatua chache. Alipofungua mlango, harufu ilimpokea, akarudi nyuma, kisha akaingia na leso puani.

"Umechanganyikiwa? Watu wako hapo nje. Toa hivi vitu."

"Toa wewe, bosi. Glovu hizo hapo."

Alizitazama glovu. Alikitazama kizimba cha karibu, akanyoosha mkono, akautazama mkono wa suti yake, akauvuta. Alipokuwa bado anajishauri, wakaguzi wakaingia, mkubwa wao mama mmoja mnene mwenye viatu vilivyolika visigino, na nyuma yao Daktari.

Mkaguzi hakuziba pua. Alizunguka chumba chote kwanza.

"Nani anahusika na chumba hiki?"

"Mimi," alisema Mama Sabuni, akainuka.

"Kwa nini kiko hivi?"

"Kila Jumatatu kiko hivi. Leo sikukipamba."

Bwana Suti akaanza kuomba radhi kwa sauti laini, akasema huyu mama amefanya kazi muda mrefu, amechoka, atasaidiwa. Mkaguzi alimwinulia kiganja bila kumtazama.

"Endelea, mama."

"Siku zote tuliwatazama kila siku, Jumamosi na Jumapili pia. Zamu hiyo imeondolewa. Anayekufa Jumamosi tunamkuta ameoza, na aliyeoza hahesabiwi. Kama nisingekaa juu ya ndoo hii, mngekuta chumba kinang'aa, mngesema vizuri sana, mngeondoka. Mimi nimechoka, ni kweli. Lakini sijachoka akili."

Redio iliendelea kuimba. Mkaguzi akamgeukia Daktari.

"Wewe ndiye unayewapasua. Hawa unaweza kuwasoma?"

Daktari alimtazama Bwana Suti, akaitazama sakafu, akamtazama Mama Sabuni.

"Hapana," alisema. "Wala wa Jumatatu zilizopita. Wengi wao ni wa kadi nyekundu. Nilipaswa kupiga kelele mapema."

Mkaguzi alisema maneno machache tu. Zamu irudi Jumamosi hiihii, la sivyo utafiti mzima utakataliwa na mwenye kemikali atarudi nayo alikotoka. Na ripoti itaeleza ni panya wangapi wamepotea na kwa nini. Kisha akamgeukia Mama Sabuni.

"Na wewe utapewa onyo. Chumba cha wanyama hakiachwi hivi, kwa sababu yoyote ile."

"Ni haki," alisema Mama Sabuni. "Kilikuwa kichafu."

Lilikuwa onyo lake la kwanza tangu aajiriwe. Bwana Suti alilileta yeye mwenyewe, mchana uleule, na Mama Sabuni akatia sahihi kwa herufi kubwa. Wenzake ndio waliomwumiza zaidi. Walikuwa wameonja Jumamosi zao, na sasa walimkata jicho bafuni. Iliposomwa zamu mpya, wote walisema kwa kinywa kimoja: aliyeitaka aichukue. Akaichukua, ya Jumamosi na ya Jumapili, mpaka panya wa mwisho. Nyumbani fundi hakumlaumu wala hakumsifu. Alikuwa mtu wa kununa taratibu, na Mama Sabuni alimwacha anune.

Jumamosi ilipofika usingizi ulimzidi. Alishtuka mtu anamtikisa bega. Fundi alikuwa amekwisha kuvaa, maji ya kuoga yako tayari, sabuni kavu isiyo na harufu iko juu ya taulo. Kichupa cha manukato hakikuwa mezani. Alikuwa amekiweka juu kabisa ya kabati, pasipofikika bila kiti.

"Amka, mama," alisema. "Usije ukamkuta ameoza."

Mlinzi alifungua geti kabla hajabisha, akampigia saluti kwa utani, naye akamwambia ajifunze kwanza kufunga vifungo vya shati. Chumba cha tano kilikuwa kimetulia, panya wakaja mbele kunusa. Alianza juu akashuka, kizimba kwa kizimba, na katika safu ya kati, kadi nyekundu, akamkuta. Amelala ubavu, mwenzake amejikunja kando yake. Akamweka kiganjani. Alikuwa bado na joto.

Alimpigia Daktari simu, na Daktari akaja na kandambili za nyumbani, nywele hazijachanwa, bila kulalamika. Alimpasua palepale. Ini lilikuwa zima, jekundu, linang'aa, na juu yake vivimbe vyeupe, kikubwa kuliko vyote kama punje ya njegere. Daktari alivitazama kimoja kimoja, akakata, akatia kwenye chupa ya fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze.

"Na kwenye hesabu?" aliuliza Mama Sabuni.

"Yupo."

Mama Sabuni akaitikia kwa kichwa, akavua glovu, akavaa nyingine, akarudi chumba cha tano kuwatazama waliobaki.